Dogo kapata chuo kidogo cha sanaa Nairobi, nilipe ada au nimkatalie?

KakaWaUngaLtd:
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumegawanyika. Nina mdogo wangu wa kike ana miaka 19, kamaliza form four mwaka juzi, matokeo sio mabaya sio mazuri, yupo yupo tu. Tangu mdogo yeye ni kuchora, madaftari ya hesabu yote yamejaa sura za watu, ukuta wa choo cha nje kauchora ng'ombe mpaka mama akamchapa. Baba alishatangulia kwahiyo mimi ndo nimebaki kama mzazi, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Arusha, sio kubwa, linatulisha. Mama anataka binti akasome unesi na ameshaulizia mpaka nafasi.

Sasa huyu dogo kimya kimya kajitafutia chuo Nairobi, kawatumia picha 12 za kazi zake kwa WhatsApp, wakampigia wakamwambia njoo Januari. Kilichonitisha ni kwamba chuo chenyewe ni nyumba ya kuishi! Nimeitazama kwenye ramani ya simu, geti la kijani, upande mmoja kanisa upande mwingine gereji. Wanafunzi hawafiki 40 kwa ujumla, walimu watano. Ada elfu 48 ya Kenya kwa muhula, hiyo ni kama milioni ya kwetu, mihula mitatu kwa mwaka, miaka miwili. Bado kuna listi ya vifaa kurasa mbili, nusu yake siielewi, wameandika lino, mimi lino najua ni ile ya kutandika sakafuni.

Naogopa mambo mawili, kwanza kutapeliwa, pili hata kama sio matapeli akimaliza atakula nini. Mwenye kupita njia hiyo aniambie ukweli, asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mzee_Kijiko:
Mkuu msikilize mama yako. Kuchora si anajua tayari? Unalipa milioni tatu kwa mwaka mtu akafundishwe anachokijua? Peleka unesi, kuchora atachora siku za off.

KakaWaUngaLtd:
@Mzee_Kijiko hilo hilo mama kasema, neno kwa neno. Dogo kanuna siku ya nne leo.

Rangi_Mbichi:
Kaka pole, nimesoma chuo cha aina hiyo hiyo, sio hicho lakini mapacha, nyumba ya vyumba vinne, sebule ndo darasa la kuchora, gereji ndo studio ya rangi, na master bedroom ndo tulichongea, choo cha master tulioshea udongo kikawa kinaziba kila wiki. Kwahiyo nyumba isikutishe, itakayokutisha ni mambo mengine nitakuambia.

Kwanza nimjibu mzee Kijiko maana swali lake baba yangu aliniuliza mpaka siku ya kupanda basi. Mimi niliingia pale najua kuchora, mtaani walikuwa wananilipa elfu kumi kumi nichore sura kutoka kwenye picha za simu. Siku ya kwanza mwalimu kaweka mezani chupa tupu ya bia, sufuria na kitunguu, akasema chora, mna masaa matatu. Mimi nikamaliza kwa dakika ishirini nikakunja mikono. Kaja kaniuliza, huo mdomo wa chupa umeuona ni duara? Nikasema ndio mwalimu, chupa ina mdomo wa duara. Akasema kaa, angalia tena. Nikakaa. Kumbe kutoka pale nilipoketi haukuwa duara kabisa, ulikuwa kama yai lililolala, jembamba, na kitako cha chupa nacho ni yai lakini nene kidogo kuliko la juu, kwa sababu kitako kipo chini ya macho yangu zaidi. Nilikuwa nimechora chupa ya kichwani kwangu, ile ya mezani sijaitazama hata mara moja. Nilirudia ile chupa siku nne. Ndo kinacholipiwa hicho mzee wangu, kuna mtu anakurudisha kwenye chupa wakati wewe umeshajipongeza.

Muhula wa kwanza mzima hakuna rangi. Penseli 2B, 4B, 6B na mkaa, basi. Chora mkono wako wa kushoto kila siku, nina mikono zaidi ya 80 kwenye boksi mpaka leo. Kivuli, mwanga, kivuli ndani ya kivuli. Muhula wa pili ndo rangi, na hapo napo tyubu tano tu, nyeupe, njano, nyekundu, bluu na kahawia, nyeusi tulikatazwa hata kununua, ukitaka nyeusi changanya bluu na kahawia mwenyewe. Nilinung'unika sana, baadaye nikaelewa tulipofika kwenye ngozi, ngozi yetu ukiipaka kahawia tupu mtu anakuwa kama kiatu kilichopigwa kiwi, ndani yake kuna bluu, kuna nyekundu, kwenye paji la uso kuna njano ya dirisha, na kidevuni inapanda rangi ya shati alilovaa.

Halafu Ijumaa. Ijumaa ni kubandika ukutani kazi zote za wiki na kila mtu anasema. Chuo kikubwa unaweza kujificha mgongoni kwa mwenzako, sisi tulikuwa tisa darasani, utajificha wapi? Nimelia Ijumaa mbili. Ya tatu nikamliza mwingine, sijivunii.

Ubaya sasa, maana umetaka ukweli. Muhula wa tatu mwalimu wa uchongaji aliondoka, kuna mtu alimpa kazi nzuri zaidi, na chuo hakikuwa na wa kumrithi. Muhula mzima kile chumba kimefungwa, udongo ukakauka kwenye pipa ukawa tofali, ada hawakupunguza hata shilingi. Chuo kidogo mwalimu mmoja akiondoka imeondoka idara nzima. Maktaba ilikuwa rafu moja. Na unaona sura zile zile tisa kila siku, hakuna rafiki wa sheria wala injinia, na wapenzi wakiachana wanaachana mbele ya darasa zima, kazi ikibandikwa Ijumaa wote tunajua hiyo picha ya mti mkavu ni ya nani.

Ushauri wangu usilipe kwa simu. Nenda, na uende Ijumaa, usiwaambie unakuja. Ukifika angalia sakafu kabla hujaangalia vyeti. Studio yenye sakafu safi hapo hapafanyiki kazi. Angalia vidole vya wanafunzi. Kisha waombe walimu wakuonyeshe kazi zao wenyewe, za mwaka huu, sio za miaka kumi iliyopita, mwalimu aliyeacha kuchora atamfundisha dogo vizuri sana jinsi ya kuacha kuchora.

Na lino ndo hiyo hiyo kaka haha, asili yake ni ya sakafuni kweli! Linoleum, unaichonga kwa patasi ndogo, unapaka wino kwa rola, unagandamiza karatasi, inatoka picha imegeuka kushoto kulia. Ila zile za plastiki za madukani kwetu siku hizi sio zenyewe, zinateleza.

FundiBango:
Mimi niseme tofauti kidogo. Naandika mabango na kuchora ukutani mwaka wa 17 huu, kabla ya hapo nilikaa na wazee wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Hakuna aliyeniuliza cheti. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe katoka Tunduru kaja Dar kufanya vibarua, baadaye akawa mhudumu hospitali ya Muhimbili, alianza kuchora 1968 hivi, kwenye vipande vya hadibodi vya mraba kwa rangi ya baiskeli, ile ya kung'aa, kwa sababu ndo iliyokuwepo na ndo bei aliyoiweza. 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa akafa, kachora miaka minne tu! Na leo watu wa Japani na Skandinavia wanalijua jina lake. Chuo gani alisoma?

Unaanza kwa kufagia, unapewa kupaka bakgraundi, kisha unajazia madoa ya chui, mwaka unaisha ndo unachora ndege wako mwenyewe, na huku unakula kwa sababu picha zinauzwa. Huyo binti mpeleke kwa fundi, hiyo milioni mnunulie rangi.

Rangi_Mbichi:
@FundiBango fundi nakuheshimu na nimekaa pale kuangalia kazi zenu sana. Ila umejijibu. Tingatinga alikuwa na vijana wanaomzunguka, wengi ndugu zake, wakikaa naye wakimwangalia mkono. Hicho ni chuo kidogo, kimekosa geti la kijani tu. Wewe mwenyewe umesema mwaka mzima madoa ya chui, wangekuita chuo wangekutoza ada.

Tofauti ninayoiona mimi ni moja, pale unajifunza mkono wa mtu mmoja mpaka unakuwa wako. Inalipa haraka. Lakini binti wa miaka 19 ambaye bado hajui kama anataka kuchora, kuchonga, kuchapa au kompyuta, akianza na chui atamaliza na chui. Na mwenye duka la zawadi atamwambia leta chui wengine ishirini.

FundiBango:
Hapo kwa chui umenichoma asee 😂 nina oda ya twiga 30 hapa nilipo

MseeWaJericho:
Sasa mimi ni wa Nairobi wacha nikusaidie na mambo ya huku kwetu bro. Kabla uingie kwa basi, check kama hiyo chuo iko kwa listi ya TVETA, hiyo ndiyo mamlaka ya vyuo vya ufundi Kenya, listi iko kwa tovuti yao. Na usiulize tu "mmesajiliwa", kila mtu atakuambia ndio. Uliza kozi yenyewe imeidhinishwa ama ni chuo tu, juu kuna wengine wako na leseni ya kozi mbili lakini wametangaza nane. Pia uliza mtihani wa mwisho unatoka wapi, ni KNEC (baraza la mitihani la taifa), ni CDACC (baraza la mitihani ya vyuo vya ufundi), ama ni wao wenyewe wanatunga na kusahihisha. Ya wao wenyewe si lazima iwe mbaya, lakini ujue unanunua nini.

Mtoto atahitaji pasi ya mwanafunzi ya uhamiaji hata kama ni wa Afrika Mashariki, chuo ndiyo inamwandikia barua. Ukiona hawajui hata hiyo barua inakuwaje, hapo toka mbio.

Venye naona, faida ya kusomea sanaa Nairobi si hata hiyo chuo, ni mji. Kuna sehemu wasanii wako na studio zao za pamoja na mwanafunzi akienda na adabu anaingia tu na anaangalia mtu akifanya kazi. Kuna magalari, zile nyumba za kuonyesha na kuuza picha, kama Banana Hill na Circle, jumba la makumbusho liko na maonyesho. Na usicheke matatu, wale vijana wa graff wanaopiga matatu brashi ya hewa ni wasanii kabisa, na wanalipwa kuliko mimi mwenye nilisoma uhasibu.

Halafu nyinyi Watanzania mnasahau, Paa ya Paa, kile kituo cha sanaa hapa Nairobi, iliwekwa na mtu wenu, Elimo Njau, Mchagga wa Marangu, huko 1965. Alisomea Makerere, ndiye alichora zile picha tano za maisha ya Yesu kwa kanisa la Murang'a, Yesu mweusi, vijiji vya Wakikuyu na kila kitu. Kwa hivyo dada yako si wa kwanza kuvuka Namanga na brashi.

MwalimuWaZamu:
Naongezea kwa ufupi. Akirudi Tanzania na cheti cha nje cha ngazi ya astashahada au stashahada atakipeleka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) wakitathmini, cha shahada ndio TCU (tume ya vyuo vikuu). Akitaka baadaye kuendelea shahada huku kwa stashahada wanaangalia GPA, yaani wastani wa alama, kawaida ni 3.0 kwenda juu. Kama cheti kitakuwa cha chuo chenyewe tu bila mamlaka nyuma yake, hapo mlango wa chuo kikuu unafungwa, hata kama anachora kama malaika. Na msiisahau TaSUBa Bagamoyo, ipo tangu 1981 enzi ikiitwa Chuo cha Sanaa, ni ya serikali, ada nafuu, sanaa za ufundi wanafundisha. Watu wanadhani pale ni ngoma tu.

KakaWaUngaLtd:
@MwalimuWaZamu asante mwalimu, TaSUBa nilimtajia, anasema anapenda lakini hawa wa Nairobi walimwambia wanafundisha kuchapa na ndo anachotaka. Sijui hata kuchapa ni nini lakini kashikilia hapo. Wiki ijayo Ijumaa nafunga duka tunaenda. Nitaleta mrejesho.

KakaWaUngaLtd:
MREJESHO wakuu.

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi na shato, Namanga pale tukakaa foleni kidogo, tumefika Nairobi saa saba kasoro, tukala, tukaenda bila kupiga simu kama da Rangi alivyosema. Geti tumefunguliwa na kijana ana wino mweusi mpaka viwiko. Sakafu wakuu. Sakafu ya ile sebule sijawahi kuona, rangi imegandana tabaka juu ya tabaka, kiatu kinashika. Nikasema moyoni haya, hapa angalau panafanyika kitu.

Tumekuta wanabandika. Walikuwa kumi na moja, mwalimu mama mmoja wa makamo kakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, wakatuambia kaeni. Nimekaa saa nzima na nusu kusikiliza watu wanaongelea picha ya sufuria. Mwanzoni nilitaka kucheka, baadaye kijana mmoja akasema ile sufuria haijakaa mezani, inaelea, nikaangalia, kweli inaelea! Kivuli hakijagusa kitako. Mimi nauza sufuria na sijawahi kufikiria kitu kama hicho.

Mwalimu nikamwomba kazi zake, akatupeleka kwenye chumba cha nyuma, kuna mashine ya chuma ya kugandamiza, akatuonyesha karatasi kama kumi na tano alizochapa mwaka huu, wanawake wamebeba madumu. Dogo hapo akaganda. Sikupata neno lake moja mpaka tunaondoka.

Sasa upande wa pili. Kule ofisini nikauliza maswali ya @MseeWaJericho moja moja. Mkuu wa chuo mtu muungwana, lakini tulipofika kwenye idhini ya kozi akaanza kuzunguka. Ikabainika kozi ya cheti ya mwaka mmoja ina karatasi, nimeiona kwa macho yangu na kwenye listi ipo. Ile ya diploma ya miaka miwili waliyomtangazia dogo bado "inashughulikiwa". Nikamuuliza inashughulikiwa tangu lini, akasema tangu mwaka jana mwanzoni. Nikamwambia mzee, mimi nalipa kilichopo kwenye karatasi. Tumekubaliana cheti, mwaka mmoja, nalipa kwa muhula sio kwa mwaka, na nimemwandikisha kwamba mwalimu wa kuchapa akiondoka ananirudishia nusu ya ada ya muhula huo. Alikuna kichwa akasaini. Barua ya uhamiaji alikuwa nayo kwenye faili tayari.

Mama bado. Kasema sawa lakini mwaka mmoja tu, baada ya hapo unesi. Sijabishana.

Kitu kingine, njiani kurudi nimelala kwenye gari, kuamka Longido dogo kanichora nimeachama mdomo. Nimetazama ule mdomo kaka zangu. Sio duara.

Sasa swali jipya kwa @Rangi_Mbichi na @FundiBango. Ile listi ya vifaa nimekaa nayo dukani jana nikipitia mstari kwa mstari, hadibodi ninayo, msasa ninao, tapentaini ninayo, gundi nyeupe ya mbao ninayo, emulsion nyeupe (rangi ya maji ya ukutani) debe zima, brashi za inchi moja na mbili ninazo, vipande vya mbao vya kutengeneza fremu vimejaa stoo. Yani robo tatu ya kile kikaratasi kipo kwenye shelfu langu na nilikuwa natetemeka bure. Kilichobaki ni penseli, mkaa, zile tyubu na kitambaa cha kanvasi, hicho cha kanvasi bei niliyotajiwa Nairobi ni wizi. Mnatumia nini?

Rangi_Mbichi:
Hahaha kaka umebarikiwa na hujijui! Kanvasi ya dukani aachane nayo mwaka wa kwanza. Nunua marikani, ile nzito isiyopaushwa, ifue kwanza ipungue, ivute kwenye fremu ya mbao anza katikati ya kila upande kuelekea pembeni, isianzie kona itapinda. Pigilia kwa pini za stepla. Kisha gundi ya mbao umechanganya na maji ipake tabaka moja iive kabisa, hii ni muhimu sana akija kutumia rangi za mafuta, mafuta yakigusa kitambaa kitupu kinaoza taratibu. Juu yake emulsion nyeupe tabaka mbili au tatu, piga msasa laini kati ya tabaka na tabaka. Mimi picha zangu za marikani zina miaka tisa ukutani kwa mama. Fremu mbao ikauke vizuri, mbao mbichi itakugeukia.

Na huo mkataba wa nusu ada mwalimu akiondoka 👏👏 laiti baba yangu angekuwa na duka la hadiwea.

FundiBango:
Brashi za inchi mbili asitumie zile za bei ya chini zinazotoa manyoya, atashinda anaokota nywele kwenye picha. Na tapentaini mwambie afungue dirisha. Hadibodi unauza bei gani kipande kizima, na unatuma Dar? Nina twiga 30.

KakaWaUngaLtd:
@FundiBango njoo inbox.